Gunia la Ufuta Nililolipeleka Rondo

Mwaka 2020, nikiwa na miaka sitini na moja, njaa iliingia nyumbani kwangu Kilwa Masoko. Mimi huyu niliyeishia darasa la tatu nikajenga nyumba ya matofali kwa ufuta. Corona ikafunga nchi zinazonunua ufuta wetu, mnadani tukapewa bei ya matusi, tukakataa kuuza. Ghala limejaa, chungu kitupu. Na mihogo nilishaing'oa yote, shamba zima nikapanda ufuta.

Mke wangu Zainabu akasema, "Nenda Rondo kwa kaka yangu. Hamisi ana chakula."

Hamisi huyo nilimcheka harusini kwangu mbele za watu, nikamwita Bwana Mihogo kwa kuwa hakuacha kulima mihogo.

Alfajiri nikatoka. Sikubeba gunia tupu, nisionekane ombaomba. Nikabeba gunia la ufuta, eti zawadi. Basini, kuanzia Nangurukuru mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi, kila ghala nililoliona lina kufuli. Nikashuka mji wa Mtama, nikachukua bodaboda.

Rondo nilifika adhuhuri.

"Shikamoo, shemeji," Hamisi akanipokea. "Karibu kwa Bwana Mihogo."

"Marahaba." Mkewe akacheka, nami nikacheka, jasho linanitoka. "Nimewaletea ufuta."

"Ufuta? Wa kwetu hata kuku wameuchoka. Zainabu hajambo? Wanakula?"

"Wanakula," nikajibu, na hapo nimeshapakuliwa ugali wa makopa, ile mihogo iliyokaushwa, mara ya tatu.

Asubuhi, kabla sijaaga, Hamisi akamwaga ufuta wangu kwenye mkeka. Gunia lile lile akalijaza makopa, akashindilia kwa goti. Majirani wanatazama.

"Shemeji, mimi sikuomba."

"Nani kasema umeomba? Shika huku tufunge."

Nikashika.

Njia ya kurudi, konda akauliza, "Mzee, umebeba nini?"

"Ufuta," nikasema. Na harufu ya makopa imejaa basi zima.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu nisiyemjua akifunga mlango wake huko ng'ambo, watoto wangu Masoko wanalala njaa, kwa sababu shamba langu lote nilimpa yeye. Hamisi alilijua hilo tangu zamani, nami nikamcheka.

Leo nina nyumba ile ile. Nina ekari tatu za ufuta, ekari mbili za mihogo na mbuzi sita. Nina gunia moja la makopa, limeshonwa mdomo. Hilo ni la Hamisi. Kila mwaka naliweka nikisema nitalipeleka, halafu tunalila wenyewe.