Kinanda Changu Sasa Kinapigwa na Yahya

Kuanzia leo kinanda cha bendi yetu kitapigwa na Yahya. Amesema Halima, mwimbaji wetu, mbele ya wote kwenye mazoezi hapa Garissa.

Nimekipiga mimi kwa miaka tisa.

Ilikuwa hivi.

Kinanda nilikuwa nimekigawa sehemu mbili: mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unatoa sauti ya kaban, ile ala ya nyuzi ya harusi zetu. Mpaka wa sauti hizo mbili niliuacha katikati kabisa ya vibonye, kama ulivyokuwa kilipotoka dukani.

Yahya, mgeni kutoka Liboi, akaomba kukijaribu. Akakitazama.

"Walaal, ndugu yangu, kaban yako haina sauti za chini. Ukishuka kidogo tu, unaingia kwenye besi."

Nikamwambia nyimbo zetu hazishuki huko.

"Zinashuka," akasema Halima. "Ni wewe huwa unaruka hapo."

(Watu walicheka. Naandika kama ilivyotokea.)

Yahya akausogeza ule mpaka vibonye saba kushoto. Dakika moja, sizidishi. Halima akaimba wimbo wa bibi harusi mpaka chini kabisa, kisha akamwambia, "Mashallah. Leo nimeuimba wote."

Mimi hajawahi kuniambia mashallah, hata siku niliyopiga nikiwa na homa.

Ndiyo, nina wivu. Msinitumie mawaidha ya subira kwenye maoni. Niambieni tu: ninyi mngeenda kwenye harusi tutakayopiga?

Harusi ni Jumamosi, saa tisa alasiri, Bura. Yahya yuko kwenye kinanda. Mimi nimepewa maikrofoni, nitangaze majina ya wageni.