Ngata ya Asia

Kila alfajiri kabla ya mazoezi, Asia alisokota kipande cha kanga ya mama yake akakiweka kichwani, kama ngata aliyobebea ndizi utotoni kule Kinole. Akikimbia isipodondoka, alijua shingo imenyooka.

Siku ya kwanza katika kambi ya wanariadha ya Mwembesongo, wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma. "Dada, ndizi umeziacha wapi?" Kocha Gervas naye alicheka, mpaka Asia alipowaacha wote nyuma.

Alikimbia marathoni miaka kumi na minne. Sasa goti lilivimba kila jioni, na daktari alishamwonya: likiumia tena, hatapanda mlima maishani.

"Mbio moja tu ya mwisho, mwanangu," kocha alimsihi.

"Kwetu shamba hurithiwa upande wa mama, kocha, na binti nimebaki mimi. Liko juu kabisa mlimani. Goti likiharibika, nitalifikiaje?"

Asia aliivua ngata akamvika Judith, mdogo kuliko wote kambini, akamwinua kidevu taratibu.

"Isidondoke, mdogo wangu."

Judith hakuthubutu hata kugeuka. Alisikia tu hatua za dada yake zikitoka getini, moja nzito, moja nyepesi, zikielekea milimani. Asia hakurudi tena.