Bei ya Kitabuni, Bei ya Makambako

Watu walipokuwa bado wanaandikiana barua, Ebeneza Mtewele alikuwa seremala pale Kidugala, na kila Jumamosi karani wa ofisi ya misheni alimwekea bahasha tupu. Alizilowesha kwenye beseni. Taratibu stempu ziliachana na karatasi na kuelea juu ya maji: treni, ndege wenye mikia mirefu, maua, malkia wa nchi asizozijua. Alizibandika mbichi kwenye kioo cha dirisha zikauke, na jua la asubuhi lilipopita ndani yake, chumba kizima kilikuwa kama mahali pengine.

Siku hizi mtu humtumia mama yake maneno matatu kwenye simu, naye mama humrudishia picha ya kidole gumba. Hakuna kinachoelea kwenye maji.

Mchungaji mmoja Mjerumani, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Ebeneza kitabu kinene chenye picha na bei za stempu za dunia nzima. Ebeneza aliishia darasa la nne, lakini kwa kamusi na mshumaa alijifunza Kijerumani cha kusomea bei. Ndani ya kitabu alikutana na stempu yake mwenyewe, ya bluu, yenye kichwa cha twiga, na mbele yake tarakimu ndefu iliyomfanya avue miwani na kuivaa tena.

"Hulda," alimwambia mkewe, "huyu twiga ndiye atakayetupeleka kwenu."

Kwao Hulda ni Matamba, kule juu ambako mvua zikianza nyika yote hufunikwa maua. Aliolewa akiwa fundi cherehani, na juma la kwanza tu la ndoa aliiona albamu ya mumewe, akasikitika. "Kingo hizi zimechakaa, utadhani zimetafunwa na panya." Akachukua mkasi wake wa kushonea, akaketi mlangoni, akazinyoosha kingo za kila stempu kwa utulivu wa mtu anayekata kola ya bwana harusi. Ebeneza alimsifu mbele ya majirani. Hajawahi kuona albamu nadhifu kama ile.

Miaka ikapita, wakahamia Kitandililo. Nyonga za Hulda zikakataa kazi. Basi hawezi kulipanda. Safari ya Matamba inahitaji gari la kukodi ambalo kiti chake hulala. Mwaka huu, baridi ilipoanza kupungua, alisema, "Baba Rejoice, mvua zikija nataka kuyaona maua ya kwetu. Nikishayaona, hata nisipotoka tena nje, sitalalamika."

Kesho yake Ebeneza akabeba albamu na kitabu, akaenda Makambako kwa Benno, kijana wa Njombe mwenye duka la chaja ambaye pia huwauzia wageni sarafu na vitu vya kale kwa mtandao.

"Kamwene, mzee," Benno alisema, akageuza jalada. "Kitabu hiki kimenizidi umri."

"Umri si kitu. Soma bei."

"Hii ni bei ya kutazama, mzee wangu. Ya kununulia unga ni nyingine." Akamwonyesha simu. "Huyu anaomba kama kitabu kinavyosema. Stempu yake imekaa hapo mwaka wa pili, hakuna aliyeigusa. Sasa ukibonyeza hapa chini, ndizo zilizouzwa kweli. Umeona?"

Ebeneza aliona. Ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya kitabuni. Hata hivyo, akipiga hesabu polepole, ingetosha gari.

"Basi nipe hiyo ya chini."

Benno alimwinamia twiga kwa karibu. "Meno yake yako wapi?"

"Meno gani?"

"Hivi vijino vya pembeni. Wenzetu hununua na meno yake. Nani kazikata hizi zote?"

Ebeneza alitazama barabara. Lori la mbao lilipita, kisha vumbi.

"Zilikuja hivyo," alisema.

"Basi nitakupa ya chai na chapati. Na hapo nakuonea huruma."

"Huruma yako kaiweke kwenye chaja zako."

Alirudi ndani ya ukungu, huku treni ikilia mbali kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hulda alikuwa akimsubiri jikoni.

"Wamesemaje?"

"Soko limelala."

"Basi tuliache lilale, sisi tule."

Toka siku hiyo Ebeneza hakuweza kukaa nyumba moja na albamu. Aliogopa mgeni yeyote mjuaji atakayeuliza habari za meno mbele ya Hulda. Jumapili ya mavuno ilipofika, akaiweka madhabahuni katikati ya mahindi na maboga.

Baada ya ibada mnada ulianza uani. Pale yai huuzwa kwa bei ya kuku, na mnunuzi hulirudisha liuzwe tena, kwa sababu hakuna anayenunua yai. Watu wanamtolea Mungu. Lakini Ezekieli, mzee wa kanisa, alipoinua albamu, hakuna aliyetaja bei.

"Ni stika?" kijana mmoja aliuliza.

"Zinashika bado?" mwingine akadakia, wakacheka.

Ebeneza alitazama viatu vyake. Ndipo Hulda, kwenye kigoda chake, akainua fimbo na kutaja bei.

"Mama Rejoice," Ezekieli alisema, "umesema ngapi?"

"Masikio yako yamefanya nini leo? Andika."

Ebeneza aliijua bei hiyo. Ndiyo aliyoitaja Anderson mwenye gari, kwenda Matamba na kurudi. Kumbe fedha za mayai na za kupindia sketi za shule zote zilikuwa zimekaa mahali, miaka yote ambayo yeye alikuwa akimsifia twiga.

Nyumbani alimuuliza, "Ulikuwa na nauli, ukanyamaza?"

"Ningekuvunja moyo wewe na twiga wako? Na wewe, kwa nini uliitoa?" Hulda aliifuta albamu kwa kanga. "Hii ndiyo kazi ya kwanza uliyonisifia katika nyumba yako. Niiache iende kwa watoto wanaouliza kama ni stika?"

Ebeneza aliipokea albamu kwa mikono miwili, akairudisha mahali pake.

Mvua zilipokuja, gari halikuja. Ebeneza alitoa beseni la zamani. Akazilowesha stempu zote za maua, akazibandika mbichi kwenye kioo, moja baada ya nyingine, akamsogeza Hulda karibu. Ukungu ulipokatika, mwanga ukapita ndani yake.

"Lile la njano nalijua," Hulda alisema. "Lilikuwa linaota nyuma ya nyumba ya baba." Akapitisha kidole pembeni yake. "Na zimekaa vizuri zilivyonyooka."

"Zimekaa vizuri," alisema Ebeneza.