Kitabu cha Waliozikwa Nilichodai Nimekisoma

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na harusi yangu watu wa Kamembe wanaizungumzia mpaka leo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, viatu vinang'aa, nimekaa kwenye benchi la ofisi ya parokia moja ya zamani, huko milimani upande wa Mibirizi. Mbele yangu mezani kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kitabu cha waliozikwa. Katekista alinifungulia akasema, "Tafuta mwenyewe, papa. Miye niko na batoto ba katekismu, bananingoja." Akatoka.

Nikabaki mimi na kitabu. Na mimi, mwanangu, sikujua kusoma.

Kabla hujanicheka, ujue kwanza anayezungumza nawe ni nani. Ukipanda kilima chochote hapa Rusizi ukaona bati jipya linawaka jua, uliza limenunuliwa wapi. Watakutajia duka langu, karibu na gare, kituo cha mabasi cha Kamembe. Nilianza kwa kubeba mifuko ya sima, yaani saruji, kichwani, leo sima inabebwa na lori langu. Sikurithi kitu kwa mtu. Shule niliiacha darasa la pili huko Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tulikokulia, na hata hivyo wenye diploma wanakuja kuniomba kazi. Namba nilizijua zote, hakuna aliyeweza kuniibia hata msumari. Herufi ndizo zilikuwa zinanikimbia. Lakini nani alijua? Nilitembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na mtu akinipa karatasi nilisema nimesahau miwani. Miwani sikuwa nayo.

Mama yangu ndiye aliyenituma pale. Yeye naye hakuiona shule hata kwa dirisha, lakini mimi nilishamwambia nasoma, na mama anamwamini mwanawe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nilipokuwa na miaka sita, baba yangu, Aloizi Ntamuhanga, aliondoka Bukavu kwenda kuwasalimu ndugu zake Nyakarenzo, huku Rwanda. Akaugulia huko. Wakampeleka hospitali ya misheni hiyohiyo, na hakurudi. Mama alikuwa kitandani, amemzaa dada yangu Konsolata siku chache tu, na mwanamke wa namna hiyo havuki mpaka na mtoto mbichi mgongoni. Habari ya kifo aliileta mchuuzi mmoja wa vitambaa, akasema kwamba amezikwa na mapadri, basi, akaenda zake. Mama akalia matanga bila kaburi. Baadaye watu wa mtaa wakaanza maneno yao: kwamba Aloizi hakufa. Kwamba alipona, akashuka tambarare ya Bugarama, akaoa mwanamke mwingine mwenye shamba la mpunga. Wapo walioapa kwamba walimwona.

Mama aliyakataa maneno hayo miaka yote. Tuliporudi Rwanda, mimi nikiwa kijana, akaniambia, "Paskali, wewe unasoma. Nenda misheni, uone kama baba yako yumo mu kitabu. Akiwamo, roho yangu itatulia."

Basi hicho ndicho nilichotumwa. Katekista alipotoka, nikaweka kidole juu ya ukurasa, nikakishusha polepole kama nilivyoona karani wa benki anavyofanya. Nikafungua ukurasa mwingine. Na mwingine, macho yangu yakiwa mlangoni kuona kama katekista anarudi. Ningeweza kumwita yule mtu nikamwambia, "Mzee, nisomee." Maneno mawili. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nauficha wangu kwa suruali ya kupigwa pasi. Nikafunga kitabu. Nikapita mlangoni nikisema, "Merci, hayumo." Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, "Nimesoma kitabu chote, Maman. Hayumo."

Akachukua jembe akaenda shambani, na saa ile ilikuwa si saa ya shamba.

Nikaona limekwisha. Uongo mdogo, mwanangu, ukiutupa husikii ulikoangukia.

Miaka ikapita, karibu thelathini. Nikajenga, nikaoa, nikapata watoto na lori. Mama nikamjengea nyumba yenye karo, vigae vya sakafu, mpaka jikoni. Jina la baba halikutajwa tena kwetu, nikafikiri ni uzee, watu wanasahau. Kila mwaka siku ya marehemu wote, akina mama wa mtaani walibeba majembe na maua kwenda kusafisha makaburi ya watu wao. Mama yangu alibaki akichagua maharagwe. Hata hilo sikulitilia maanani.

Mwaka jana akaugua. Si ugonjwa wa kumwondoa, ila yeye alijua zaidi ya daktari, akaniita ili aagize mambo yake. Nikamwambia, kwa sababu mimi ni mtu wa kufanya mambo makubwa, "Usihofu, Maman. Siku yako ikifika, utazikwa mahali ambapo hata mkuu wa wilaya hatapapata."

Akasema, "Munizike popote. Bibi wa mutu anazikwa karibu na bwana yake. Miye aliniachaka."

"Nani alikuacha?"

"Baba yako. Si ulisoma kitabu wewe mwenyewe? Hayumo. Basi bantu balisema kweli, alikuwa Bugarama anakula muchele na mwanamke mwingine. Nilimukasirikia, Paskali. Nilikataa hata kumuombea misa. Ya nini kuombea muntu muzima?"

Nilikaa kwenye kiti kama gunia. Kumbe miaka yote ile mama yangu hakuwa mjane. Nilimfanya mke aliyetupwa, mimi, kwa kidole changu. Nikataka kusema kweli palepale, mdomo ukakataa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa imenipeleka mbali sana, na kurudi ni kupanda mlima.

Asubuhi yake niliacha duka, nikapanda milimani. Ofisi ni ileile, ila sasa kuna binti, sekretere, kitambaa kichwani, mwenye adabu na ulimi.

"Unatafuta nani, papa?"

Mimi na kiburi changu tuliingia pamoja. Nikamwambia, "Tafuta kwa jina langu, linajulikana," nikalitaja.

Akaandika, kisha akaacha kalamu. "Jina hili niliona juu ya duka, kule gare. Ni wewe huyu. Papa, wewe haujakufa."

Wazee wawili waliokuwa wanangoja vyeti vya ubatizo wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Na walikuwa na haki. Kwetu Rwanda mtoto habebi jina la baba yake, kila mtu ana lake. Nikataja basi la baba. Akaniambia kitabu hakifuati majina, kinafuata siku za maziko, kwa hiyo anataka mwaka. Mwaka siujui. Nikampigia mama simu.

"Maman, baba aliondoka mwaka gani?"

"Unauliza ya nini?"

"Nijibu tu."

"Mwaka ya Konsolata. Wewe haukuona nilikuwa kitandani?" Akakata simu.

Mwaka wa Konsolata niliujua. Sekretere akaenda chumba cha nyuma kutafuta kitabu. Nikatoka kupunga upepo, na pale barazani alikuwa amekaa mzee mwenye fimbo na kofia ya sufu. Akanitazama muda mrefu.

"Weye njo ulikuyaka siku ile na bic mbili mu mufuko," akasema.

Alikuwa yule katekista, Mzee Gaspard, na kalamu zangu alizikumbuka. Nikataka kucheka, yeye hakucheka.

"Nilikuonaka mu dirisha, batoto banaimba nyuma yangu. Ulikuwa unapitisha kidole ku karatasi yenye haina kitu. Nyeupe! Mapadri baliachaka kurasa mbili bila kuandika. Ulizifuata mustari kwa mustari, tena ukakunja uso kama muntu anasoma mambo makubwa."

Mwanangu, mimi nimegombana na madereva, na watu wa forodha, na mafundi walevi. Pale niliketi sakafuni kama mtoto wa katekismu. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukuniambia kitu, mzee?"

"Muntu amefunga mulango kwa ndani, miye niko inje, ntafungua na nini? Ungegonga tu. Hata kidogo." Akainamia fimbo yake. "Lakini na miye nilikosa. Ningekuuliza jina. Nililiungama ile juma, halafu nikasahau. Wewe ulisahau?"

"Nilisahau, mzee. Mama yangu hakusahau."

Binti akaita ndani. Kitabu kilikuwa kilekile cheusi, kimechakaa pembeni. Alikwenda mstari kwa mstari, akinong'ona majina ya watu: mtoto wa siku mbili, mwanamke wa Nyakarenzo, mwashi wa misheni. Jasho lilinitoka kama nabeba mifuko. Nikaanza kuogopa kwamba huenda kweli hayumo, kwamba uongo wangu ulikuwa kweli tangu mwanzo, na hapo ningemwambia mama nini?

Akasimamisha kidole.

"Aloizi Ntamuhanga," akasoma. "Wa Nyakarenzo. Amekufa hospitali, amepakwa mafuta matakatifu. Mume wa Felisita Nyirabagenzi, aliye Bukavu. Safu ya sita, kaburi la kumi na moja."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nikamwambia mara ya tatu, naye akasoma, bila kunicheka. Kisha nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: "Binti yangu, mimi sijui kusoma. Nionyeshe jina la mama yangu liko wapi." Akalionyesha. Nikaliangalia jinsi linavyokaa, Felisita, limeandikwa kwa wino wa buluu na mkono wa padri ambaye hakuwahi kumwona. Padri huyo alimwuliza mtu anayekufa, una nani? Na baba yangu alimtaja yeye.

Mzee Gaspard alinipeleka makaburini, anahesabu safu kwa fimbo. Ya sita ilikuwa chini ya nyasi mpaka kiunoni. Tukafyeka, tukapata jiwe dogo lenye namba kumi na moja, namba nilizisoma mwenyewe. Nikasema hapohapo, "Kesho naleta karo. Naleta mafundi wanne. Nitamjengea kitu ambacho hata askofu..."

"Wee!" akanikatiza. "Mwambie mama yako kwanza. Karo zitangoja. Yeye amengoja sana."

Nikamwambia. Nilikaa chini, si kwenye kiti, nikasema yote: kalamu, kidole, kurasa nyeupe, "hayumo" yangu. Kisha nikasema kwamba baba yumo, na mama akanisogelea.

"Banaandika mume ya nani?"

"Mume wa Felisita Nyirabagenzi, aliye Bukavu."

"Na Nyirabagenzi balitia?"

"Walitia, Maman. Nimeliona."

Akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia, na alikuwa analia, kisha nikasikia kicheko ndani yake. "Yezu! Miaka yote hii ninagombana na muntu ya kufa! Yeye amelala kimya, miye ninamutukana kila asubuhi!" Akanipiga begani kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mgonjwa. "Mujinga weye. Mujinga mwenye mabati. Leta gari."

Jumapili ile nilimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka safu ya sita. Akaketi kwenye mkeka, akaweka kiganja juu ya lile jiwe, akasema, "Aloizi, ni miye. Bantu balinidanganya, na huyu wako alinidanganya. Unisamehe. Konsolata ana wajukuu." Akaendelea kumpa habari za nyumbani moja moja, za mifugo, za waliooa, na sisi tukasogea mbali tukawaacha. Tulimsubiri mpaka jua likapinda. Aliporudi garini aliomba chakula, naye alikuwa hajala vizuri mwezi mzima. Mimi, mwanangu, siku hiyo nilipumua hadi mbavu zikauma. Sikujua kama nilikuwa nimebana pumzi miaka karibu thelathini.

Na baada ya hapo nikajiandikisha darasa la watu wazima, katikati ya akina mama wauza ndizi, nikamaliza wa kwanza. Uliza utaambiwa. Haya unayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu.

Sasa sikia nasaha yangu. Usilete habari ya kitu ambacho hukukiona. Ukitumwa ukashindwa, rudi useme, "Nimeshindwa." Neno hilo linachoma mdomo mara moja tu. Kuuliza si ujinga, na asiyejua si mwizi, basi usijifiche kama mwizi. Wazee wako ukiwa nao, waulize leo: wetu wamelala wapi, walibatizwa jina gani, walikufa mwaka wa mtoto gani? Kesho watakuwa wamekwenda na majibu, na majuto ni mjukuu, hayaji mapema. Na ukifika mahali penye vitabu vya marehemu, vua kofia, vua na kiburi, mwambie aliyepo pale akusaidie. Jina moja lililosomwa kwa haki linaweza kumrudishia mtu mume wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usioona haya kusema "sijui." Akupe watu watakaokutaja siku utakayoulizwa una nani, na siku ya kupumzika kwako akulaze mahali ambapo wanaokupenda wataweza kuketi nawe.