Kikombe Kilichojaa Kutoka Chini

Wazo lilinijia shuleni, kwenye somo la sayansi, na likizo ilipofika sikuwa na subira ya kungoja hata wiki. Kiwanja chetu cha mpira, Temeke, kilikuwaga na shida moja. Hafutaimu ikifika watu wote wana kiu pamoja, na muuza sharubati ana kata moja. Anachota, anamimina, anaonja yeye kwanza mbele yako uone haikutiwa kitu, ndipo anakupa. Refa anapuliza kipyenga, nusu ya watu hawajanywa.

Nikachukua vikombe vya bati, nikavitoboa chini. Kila tundu nikaliziba kwa ndani na kipande cha tyubu ya baiskeli. Pipa la sharubati nikaliweka juu ya masanduku, nyuma ya turubai, jua lisiyeyushe barafu. Bomba likashuka kutoka pale, likapita chini ya meza, likatokeza ncha katikati ya ubao. Ukikandamiza kikombe kwenye ile ncha, sharubati inapanda yenyewe kutoka chini. Ukikinyanyua, tundu linajiziba.

Mwarabu mwenye duka la Mtoni, aliyenipa sharubati, alikizungusha kikombe mkononi.

"Na kuonja, mwanangu? Utaonja saa ngapi?"

"Kuonja ndiko kunakochelewesha, ami."

"Haya. Msomi wewe."

Jumamosi ile Kaka yangu naye alikuwa na lake. Alikuwa kibarua wa siku kwa siku kwenye karakana moja Chang'ombe, na mkewe ana mimba ya miezi minane. Timu moja ya bandarini ilikuwa inatafuta mfungaji, na ukichukuliwa unaandikwa kazi ya kudumu. Karani wao alikuja kumtazama, akawekewa kiti kando ya mstari. Asubuhi, Kaka akifunga kamba za viatu, aliniambia, "Leo usinisemeshe. Leo natafuta kazi."

Kipindi cha kwanza alifunga goli moja, na karani aliandika kitu.

Hafutaimu wakaja mbio. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu, mtu wa maneno mengi.

"Haya, msomi, tuonyeshe mambo ya Ulaya."

Nikakandamiza. Chini kabisa ya kikombe kikatokea kitu chekundu kama jicho linafumbuka. Kikapanuka, kikapanda taratibu mpaka ukingoni, bila mkono, bila sauti. Kinyozi akaacha kucheka.

"Nani anamimina?"

"Hakuna anayemimina."

Nilidhani najisifu. Nyuma yake kelele zikakatika, kwanza za waliokuwa karibu, halafu za wa mbali ambao hawakuwa wameona kitu. Nikajaza cha pili, cha tatu, nikidhani wakizoea watacheka. Kila kikijaa walirudi hatua moja, wote pamoja. Hakuna aliyeondoka na hakuna aliyenyoosha mkono.

Ningekunywa mie mwenyewe pale pale, labda yangeisha. Ila niliona mie mtoto wa shule tu, nani atanijali? Nikataka wamwone mtu wanayempenda akinywa.

Kila timu ilikuwaga na mtu wake wa maji. Wetu alikuwa mzee mmoja mfupi mwenye birika. Birika lililala kwake, alilijaza yeye, alionja yeye, na mchezaji hakunywa cha mtu mwingine mpaka mchezo uishe. Nilijua. Niliona ni mambo ya kizamani.

Nikampelekea Kaka kikombe pale walipokaa wachezaji nyuma ya goli.

"Kunywa wakuone."

"Sasa hivi?"

"Wananiogopa, Kaka. Funda moja tu."

Akamtazama mzee, akanitazama mie. Akanywa yote, akanirudishia kikombe.

"Tamu," alisema.

Mzee alilichukua birika akaliweka upande wa pili wa miguu yake.

Kipindi cha pili mwanzoni sikuelewa. Winga wetu alikuwa na mpira, Kaka yuko peke yake mbele ya goli, mkono juu. Winga akarudisha nyuma. Ikawa hivyo mara tatu, mara nne. Halafu mabeki wa upande wa pili nao wakaacha kumkaba. Akienda kulia wanampisha, akienda kushoto wanampisha. Mwishowe Kaka aliuchukua mpira miguuni kwa mwenzake mwenyewe, akakimbia nao. Wote wakasimama. Golikipa alisogea pembeni kama unavyopisha jeneza. Mpira ukaingia, na kiwanja kizima kikasikia ulivyogonga wavu.

Karani alikuwa ameshainuka. Mtu mmoja alimnong'oneza sikioni, akimwonyesha meza yangu ya vikombe. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, bwana karani. Umeliona goli?"

"Marahaba. Nimeliona."

"Basi si umchukue?"

"Kijana, pale kwetu tunakula sinia moja. Nani atakula naye?"

Akapanda baiskeli yake.

Mchezo ulipokwisha Kaka alinijia, jasho linamtoka, uso wenye tumaini.

"Amesemaje?"

"Amesema atakuja tena."

Akaniamini. Sikuweza kusema jingine, na mpaka leo sijui ningelisemaje.

Jumamosi iliyofuata alitangulia kiwanjani kuliko wote. Nilitegemea watamfukuza, na nilikuwa tayari kugombana nao. Hakuna aliyemfukuza. Walikuja, wakavaa, wakajipanga kumi na mmoja, na kijana mwingine amekaa nafasi yake. Kaka akaingia akasimama kando ya yule kijana. Nikahesabu mara mbili. Walikuwa kumi na wawili. Refa alipita mbele yao akihesabu mmoja mmoja, akafika kwa Kaka, akapita bila kumhesabu, akaweka kipyenga mdomoni.