Mama Katika Nyumba ya Mwami

Nilikuwa karani mjini Bukavu, miaka michache kabla ya uhuru, mwenye kravati moja ya shingoni na Kifaransa cha kujivunia. Mama alikuja kutoka kwetu Walungu kunitembelea, akasema anataka kuona ile nyumba ya juu ya ziwa ambamo mwami wa zamani, mfalme wetu, alikuwa akienda kupumzika. Alisikia Wazungu wameifanya makumbusho. Alipokuwa msichana alitumika pale.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Vilikuwa vyumba viwili tu, vyenye mikuki, ngoma na kiti cha mwami, chini ya ulinzi wa madame mmoja wa Kizungu. Humo tukakuta makarani wenzangu wawili na wake zao, wote na viatu vyao vya kung'aa. Mama alikuwa peku.

Mbele ya kile kiti mama akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama walivyokuwa wakimwamkia mwami. Mwenzangu mmoja akakohoa ili asicheke. Mimi nikatazama dirishani.

Kisha mama akaniuliza kikaratasi kilichobandikwa kwenye kibuyu kirefu kinasema nini. Nikamwambia kinasema ni cha pombe.

"Hapana," akasema. "Kile iko ya maziwa. Mimi ndiye nilikuwa nakiosha kila asubuhi."

Madame alijua Kiswahili kidogo. Akasogea, akaniuliza huyu maman ni nani wangu. Makarani walikuwa wananitazama.

"Ni mutumishi wetu," nikasema. "Hajui kitu."

Wakati wa kurudi mama alitembea mbali nyuma yangu. Nikisimama, naye anasimama. Nikamwomba aje karibu.

"Mutumishi anatembea nyuma, papa," akajibu bila hasira, akiniita papa kama alivyoniita tangu utotoni.

Kesho yake akapanda lori la kwenda kwao.

Jumamosi nilirudi peke yangu. Nikamwambia madame kwamba yule ni mama aliyenizaa, na kwamba kibuyu ni cha maziwa. Sidhani kama alinikumbuka, lakini alichukua kalamu, akafuta lile neno, akaandika jingine.

Nilipopata likizo nikaenda Walungu kumweleza mama. Nilimkuta akipalilia maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wale wenzangu walikuwepo nilipoyasema hayo.

Nikasema hawakuwepo.

"Sawa," akasema, akainama tena shambani. Nikavua koti, nikatafuta jembe.