Mpiga Piano Aliyewafichia Waimbaji Makosa

Saa tisa alasiri, Temeke. Jua linachoma mabati, na Mwalimu Revelian anajipiga kofi kwenye mkono wake mwenyewe.

Mbele yake amesimama Chausiku, binti wa miaka kumi na miwili anayejifunza kuimba. Amevuta sauti moja kupita kipimo, na mikono ya Mwalimu juu ya piano, bila kuamriwa, imepunguza mwendo kumngoja. Ndiyo sababu ya lile kofi.

"Mkono huu una mazoea mabaya," anasema. "Tuanze tena, mama. Nawe uhesabu mapigo."

Piano aliinunua mnadani mwaka 1939. Miguu yake imo ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Majirani walimcheka: mtu hana kitanda cha maana, analeta kabati linalolia! Leo watoto wao ndio wanaogombania zamu mlangoni.

Kinanda alijifunza misheni, kwao Bukoba. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake mjini ilikuwa kuwapigia waimbaji wa Kizungu wakati wa mazoezi, shilingi tatu kwa zoezi. Siku ya onyesho kiti chake kilikaliwa na bibi mmoja wa Kizungu, na Mwalimu akarudi Temeke kwa miguu. Jambo hilo linamuudhi mwandishi wa makala haya kuliko linavyomuudhi yeye.

Waimbaji walimgombania kwa sababu alijua kuwasitiri. Aliyeishiwa pumzi alifupishiwa. Aliyeruka mstari, Mwalimu aliruka naye, na waliosikiliza mazoezi hawakujua kitu.

"Ni kama kumsindikiza mgeni," anaeleza. "Akisimama kufunga kiatu, utamwacha njiani? Unasimama naye. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyopiga."

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza Eufrazia.

Eufrazia ni binti wa karani Kornelio, nyumba ya ng'ambo ya kichochoro. Mwalimu alianza kumfundisha akiwa na miaka tisa, na wajuzi wanasema Temeke haijapata sauti kama ile. Kila alipochelewa, Mwalimu alimngoja. Kila alipowahi, alimkimbilia. Miaka kumi, binti hakuwahi kulisikia kosa lake.

Mwaka jana, 1955, alikuja mtahini kutoka Uingereza kuchagua mwimbaji mmoja wa kwenda kusomea muziki huko. Utaratibu ulitaka wote wapigiwe na mpiga piano wa mtihani. Mwalimu aliketi nje, chini ya dirisha.

Eufrazia akavuta ile sauti yake ya juu. Piano ikaendelea. Akaifukuza, akaipita, akaanza upya, akapotea tena. Mara ya tatu akanyamaza kabisa.

"Alitoka akaniambia, 'Mwalimu, yule mtu hakuningoja.' Yule mtu alipiga sawasawa. Mie ndiye niliyemdanganya mtoto wa watu miaka yote hiyo, nikidhani nampenda. Inaniuma mpaka leo."

Mzee Kornelio hana kinyongo. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," anasema. "Basi mwenzetu analia. Tusimwongezee."

Tangu siku ile Eufrazia hajaimba. Anashona nguo barazani kwao, na mlio wa cherehani yake unaingia kwa Mwalimu kutwa. Humwamkia shikamoo kwa heshima, kisha huinamia kitambaa.

Mtahini anatarajiwa tena mwakani. Mwalimu anaona haya kwenda kumbembeleza binti. Badala yake, kila Chausiku akishaondoka, anafungua dirisha na kuupiga ule wimbo wa mtihani, piano peke yake, kwa mwendo ulioandikwa, bila kumngoja mtu.

"Namwomba Mungu binti arudi akosee hapa, mbele yangu," anasema. "Safari hii nitamwacha akosee mpaka alisikie kosa lake."

Leo pia, Chausiku akishaondoka, analigeuzia dirisha mgongo, anaanza. Ng'ambo, cherehani inanyamaza. Eufrazia ameinama vilevile, lakini kidole chake kimoja kinagonga ubao wa cherehani. Wimbo unafika penye sauti ya juu. Hakuna anayeimba. Piano haingoji, na kidole nacho hakingoji.

Wimbo unapokwisha, mwandishi anamnong'oneza Mwalimu alichokiona. Mzee anafuta macho kwa kiganja. Hageuki.

"Usimtazame," anasema. "Mwache ahesabu."

Kisha anaurudia wimbo tangu mwanzo.